Upande wa Kushoto wa Jukwaa

Kila aliyewahi kuipenda Routarauta alikuwa na upande wake. Bendi ilikuwa na wapiga gitaa wawili, Kettu kushoto na Sarkola kulia, na wapenzi wake waligawanyika vivyo hivyo. Ukishamchagua mpiga gitaa wako, unasimama mbele yake, na hapo ndipo kwenu mpaka uzeeke. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo, wala hakuna aliyeivunja.

Merja Tiihonen alichagua kushoto akiwa na miaka kumi na sita, katika ukumbi wa zimamoto wa Nurmes, siku ya baridi kali ambayo nusu ya magari ya mji yaligoma kuwaka. Kettu alipiga noti moja, akaiacha ielee, akaitikisa kwa kidole mpaka vioo vya madirisha navyo vikaanza kulia. Merja alikuwa ameshika chupa ya soda. Onyesho lilipokwisha bado alikuwa ameishika, na hakuwa amekunywa hata funda moja.

Upande wa pili wa ukumbi huohuo alisimama Raili Piiroinen, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akimkodolea macho Sarkola. Walitoka nje kwenye theluji wakibishana nani mkali zaidi. Sasa wote wawili walikuwa wanakaribia kustaafu, na ubishi ulikuwa ungali mbichi. Walikwenda maonyesho yote kwa gari moja, wakala soseji kwenye sahani moja, wakaagana getini, mmoja huku na mwenzake kule. Baadaye walirudi nyumbani wakitukanana kwa mapenzi njia nzima.

Kazi ya Merja ilikuwa kuendesha gari la maktaba. Ni basi kubwa lenye rafu za vitabu badala ya viti, na yeye alilipeleka katika vijiji ambavyo hata duka vilikuwa havina tena. Wenyeji walimsubiri kando ya barabara na mifuko yao ya vitabu, wakapanda, wakachagua, wakasema neno moja la hali ya hewa, wakashuka. Lakini raha yenyewe ilikuwa kati ya kituo na kituo. Hapo palikuwa na yeye, msitu, chupa ya kahawa, kikate chembamba kilichojazwa uji wa mchele na kupakwa siagi na yai, na kaseti. Alijua wimbo upi unafaa kipande kipi cha njia. Nyimbo za kasi zilikuwa za tambarare ya mabwawani, ambako hakuna cha kutazama. Kwenye mteremko wa Höljäkkä, pale ziwa linapofunguka ghafla upande wa kushoto, alikuwa na wimbo mmoja tu: wimbo mrefu wa mwisho wa kaseti ya pili, ule ambao magitaa mawili yanapanda pamoja hadi juu kabisa. Wakati mwingine alipunguza mwendo ili wimbo na ziwa vifike pamoja. Wanakijiji wa kituo kilichofuata walijua kwa nini gari linachelewa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumamosi jioni kulikuwa na sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Ilpo, mumewe, alipenda kimya, kwa hiyo walikuwa wamekubaliana: maji ya kwanza kwenye mawe yalikuwa ya Ilpo na kimya chake, ya pili yalikuwa ya Merja na muziki wake, na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukaachwa wazi ili redio ya kaseti isikike. Ilpo aliketi kwenye benchi la juu, jasho likimtiririka, ngoma zikimpiga kifuani, akisema kila wiki neno lilelile: "Hawa watu hawana majirani?"

Majira ya kuchipua ya mwaka huo, Routarauta walitangaza onyesho lao la mwisho. Lingefanyika nyumbani, Nurmes, kwenye uwanja wa kando ya ziwa, mwezi Julai. Raili alimpigia simu palepale.

"Merja, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kettu wako amechoka. Mgongo."

"Mgongo ni wa Sarkola. Kettu anamhurumia tu."

Ilikuwa wiki hiyohiyo, kwenye mteremko wa Höljäkkä, ambapo Merja alitambua kuwa kuna kitu hakipo. Ziwa lilifunguka, wimbo ukafika, ngoma zilikuwepo, sauti ya mwimbaji ilikuwepo, lakini noti ya Kettu haikuwepo. Alirudisha kaseti nyuma. Akadhani utepe umechakaa. Akanunua spika mpya. Mwishowe, gari likiwa limesimama, aligeuza kichwa kutazama ziwa, na noti ikaingia yote katika sikio la kulia, nzima, kama siku ya ukumbi wa zimamoto. Akageuka tena mbele. Ikapotea.

Binti aliyempima masikio kule Joensuu aliitwa Jonna, na alikuwa na sauti ya upole iliyomtia Merja wasiwasi.

"La kulia ni zuri sana kwa umri wako, mama. La kushoto limechoka. Uliwahi kufanya kazi kiwandani? Msumeno wa mashine?"

"Hapana. Naendesha gari la vitabu."

"Basi kelele hizi zimetoka wapi?"

"Nilikuwa nasimama kushoto," alisema Merja, na ikabidi aeleze yote. Spika za upande ule zilikuwa ndefu kama ghala, na yeye alisimama chini yake kila mara, miaka yote, mkono mmoja juu ya uzio.

"Bila kuziba masikio?"

"Kuziba?" Merja alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini haogi na viatu. Katika watu wao, anayeziba masikio kwenye onyesho alikuwa kama anayekwenda kwenye karamu na chakula chake mfukoni. Ni kumdharau mwenyeji.

Jonna alimvisha mashine ya sikio ajaribu. Maneno yalikuwa safi. Kisha akamwekea gitaa kutoka kwenye simu, na gitaa likawa uma unaokwaruza sufuria. Merja aliitoa na kuiweka mezani taratibu.

"Mashine hii ni ya mazungumzo," alisema Jonna. "Itakusaidia na watu. Kwa muziki nina ushauri mwingine, rahisi. Simama upande wa kulia wa jukwaa. Sikio zima lielekee spika, na hilo nalo tulilinde kwa kiziba hiki cha sponji. Utasikia kila kitu."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

Merja alifikiria namna ya kulieleza jambo hilo. "Huko wapo wengine," alisema.

Nyumbani alimsimulia Ilpo ndani ya sauna. Ilpo alimwaga maji kwenye mawe, akangoja mvuke ushuke.

"Ukisimama kushoto utasikia nini?"

"Ngoma. Na watu."

"Na ukisimama kulia?"

"Raili atanicheka mpaka anizike."

"Huo nao ni muziki," alisema Ilpo.

Merja hakumwambia Raili. Wala Raili hakugundua, maana garini aliketi kiti cha abiria, ambacho katika magari ya kule kiko kulia, upande wa sikio zima, na huko ndiko walikofanyia mazungumzo yao yote. Siku ya onyesho alipanda akiwa amevaa kizibao chake cha jinzi chenye viraka vya bendi, kilichombana sasa kiasi kwamba vifungo vilikuwa vya mapambo tu. Cha Merja hakikuwa na hali bora.

"Leo ndiyo siku ya mwisho ya kukosea," alisema Raili. "Njoo kulia, nikusamehe."

"Nikija kulia nitalala. Sarkola anapiga gitaa kama anayepiga pasi."

"Anapiga pasi, ndiyo. Kettu wako anakunja, mwenzake anamnyooshea."

Ilikuwa saa moja jioni na jua lilikuwa juu ya ziwa bila dalili ya kushuka, kama kawaida ya Julai ya kule. Walikula soseji na haradali, wakafuta mikono kwenye suruali, wakaagana getini.

Upande wa kushoto wote walikuwepo. Hawakujuana majina, lakini waliijua migongo: yule mrefu mwenye kipara, ambaye zamani nywele zake zilifika kiunoni, yule mwanamke wa mji wa Lieksa mwenye magongo, baba na mabinti zake watatu. Waliinamishiana vichwa. Merja alishika uzio mahali pake. Kettu akatokea jukwaani, mwembamba, mweupe kichwani, na watu wa kushoto wakanguruma.

Kisha muziki ukaanza, na Merja akaona kila kitu bila kusikia alichokuja kusikia. Vidole vya Kettu vilikimbia. Alivijua vidole vile. Aliweza kusema kila kimoja kinakwenda wapi kabla hakijafika. Lakini kilichomfikia kilikuwa ngurumo tu, kama lori linalopita nje ya nyumba. Wimbo wa pili ukawa hivyo, na wa tatu. Alijaribu kugeuza kichwa kama kule kwenye ziwa, lakini kila alipogeuka alikuwa amempa Kettu kisogo, na aibu ikamzuia. Jirani yake, yule mwenye kipara, alikuwa analia waziwazi kwa furaha. Merja alimwonea wivu mpaka akamchukia kidogo.

Wimbo mrefu, ule wa mteremko, walikuwa wanaupiga karibu na mwisho siku zote. Baada ya leo hautapigwa tena na mikono ile. Merja alihesabu nyimbo zilizobaki, akaachia uzio.

Mwenye kipara alimtazama akiondoka. Mwanamke wa Lieksa alisogeza magongo yake ili apite. Walielewa kabisa anakoelekea, kwa sababu choo kilikuwa nyuma na yeye alikuwa anakwenda kulia. Alipita mbele ya jukwaa lote, kati ya vifua na mabega na harufu ya bia na dawa ya mbu, akiwa na hisia kwamba hata Kettu ameona.

Raili alikuwa kwenye uzio. Alipomwona Merja, mdomo wake ulifunguka tayari kwa maneno aliyoyatunza tangu ukumbi wa zimamoto. Kisha aliuona uso wa rafiki yake, akafunga mdomo.

Mwimbaji alikuwa anawashukuru watu wa Nurmes, polepole, kama wanavyofanya wazee. Kulikuwa na nafasi ya kusema.

"Sikio la kushoto limekufa," alisema Merja. "Kule sisikii kitu."

"Tangu lini?"

"Majira ya kuchipua."

"Hukuniambia."

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo. Halafu ningekuwekea nafasi." Raili alimsukuma mtu wa pembeni kwa nyonga, bila kuomba radhi, akamvuta Merja mpaka kwenye uzio. Merja alitoa kile kiziba cha sponji mfukoni, akakificha kiganjani, akatazama huku na huku kama mwizi.

"Kivae," alisema Raili. "Unamwogopa nani?"

"Watu."

Raili alisita. Halafu alisogeza nywele zake, ambazo zilikuwa bado nyingi, na ndani ya sikio lake mlikuwa na pamba.

Merja aliitazama ile pamba. "Leo tu?"

"Tangu zimamoto. Mama yangu alikuwa nesi, unamkumbuka. Alinikagua mlangoni kila nilipotoka. Na nywele zile za wakati ule, nani angeona?"

"Miaka yote hiyo umeniita mimi mwoga, na una pamba."

"Sikusema u mwoga. Nilisema hujui muziki mzuri."

Merja alitaka kukasirika. Alikuwa na kila haki. Lakini kicheko kilimshinda, akalazimika kuushika uzio kwa mikono miwili, na alikuwa angali anacheka wimbo mrefu ulipoanza.

Alikipachika kile kiziba sikioni, na ulimwengu ukatulia bila kupotea. Kettu alianza peke yake, mbali, upande mwingine wa jukwaa, na noti ile ilivuka juu ya vichwa vyote ikamfikia safi. Merja aliacha kucheka. Kisha Sarkola akaingia chini yake.

Wimbo huu alikuwa amekwenda nao njia zote za wilaya. Alikuwa amepika nao, amefua nao, amemnyonyesha nao mwanawe. Na bado gitaa hili la chini hakuwahi kulisikia hivi. Kwenye kaseti lilikuwa mvumo mzito usio na jina, na kule kushoto lilimezwa na spika. Sasa lilikuwa gitaa la pili, hatua kwa hatua chini ya la kwanza, likipanda linapopanda, na kila Kettu alipoachia noti yake ielee, Sarkola alikuwa tayari pale alipopaswa kuwa, ameishikilia isianguke. Hakutikisa kichwa, hakufumba macho. Alikuwa ananyoosha tu, kama anayepiga pasi, na ule mwinuko wote ambao Merja aliupenda maisha yake yote ulikuwa umesimama juu ya mikono ya mtu huyu.

Kule juu kabisa, magitaa yote mawili yalikaa muda mrefu kuliko yalivyowahi kukaa, kwa sababu hakuna kati ya wazee wale wawili aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka. Walitazamana toka ncha moja ya jukwaa hadi nyingine. Kettu alikuwa anatabasamu. Walishuka pamoja.

Raili alingoja mpaka makelele yapungue, akauinamia upande wa kulia wa Merja.

"Haya, sema."

Merja alifuta uso kwa kiganja chenye harufu ya haradali.

"Kettu bado ni mkali zaidi."

"Basi rudi kwenu."

"Subiri kwanza," alisema Merja, bila kumwondolea macho Sarkola, aliyekuwa anakaza uzi wa gitaa kwa ajili ya wimbo uliofuata. "Nataka kumwangalia huyu anavyofanya."