Tela la Mama Nyasa

Kilichomshusha Fanueli kutoka Chome mwaka ule wa themanini na tatu kilikuwa madawati ya shule. Alikuwa seremala, mjane wa miaka mingi, mwenye kahawa yake mlimani na binti mmoja, Raheli, aliyekaa naye pale nyumbani pamoja na mumewe. Alipofika Makanya akapanga chumba nyuma ya stesheni, na mchana akawa anakula kwa Mama Nyasa, kama walivyokula wote waliokuwa mbali na majiko yao: wachimba jasi, watu wa reli, madereva wa malori.

Jina la mama huyo lilikuwa Honorata. Alikuja kaskazini akiwa msichana, akimfuata mume aliyeandikishwa manamba kukata mkonge. Mume akafa kwa kifua. Watoto Mungu hakuwajalia. Mkonge nao ukaanza kufifia, mashamba yakaingiwa na vichaka, na wenzake waliotoka Songea na Mbinga wakaondoka mmoja mmoja. Yeye akabaki na sufuria zake kando ya reli, akipika makande kama mwanamke wa Kipare, ila akizungumza bado kwa lafudhi ya kwao, ya Ziwa Nyasa.

Nyuma ya banda lake kulikuwa na tela. Lilikuwa la wapima ardhi waliokuja kutafuta jasi, nao waliishi humo kama kwenye kachumba ka kuvutwa na gari. Honorata aliwapikia hadi kazi yao ilipokwisha. Walipoondoka springi zilikuwa zimekatika, wakaona kulivuta ni taabu tupu, mkubwa wao akamwambia, "Mama, lichukue wewe." Tangu siku ile kuku walikuwa wakitaga humo.

Mchana mmoja Fanueli alipomaliza kula, Honorata alimwomba waende kuliangalia.

"Fundi, unaweza kunigeuzia hili liwe nyumba?"

Fanueli alilizunguka. Mbao za sakafu zilikuwa zimeoza, dirisha moja halikuwa na kioo, mlango ulifungwa kwa kamba ya katani.

"Nyumba ya kukaa hapa?"

"Ya kwenda nayo kwetu."

Alidhani anatania. Honorata hakuwa akitania. Kwao ni Mbamba Bay, akasema, na nyumba ya mama yake ilikuwa mchangani kabisa, mtu akiwa kitandani anasikia maji. Wakati wa operesheni ya vijiji watu walihamishwa, kaka zake wakapandishwa kule juu barabarani. Mwanamke akirudi mikono mitupu, hana mume wala mtoto, atapewa kona ya jikoni kwa wifi yake na ataambiwa ashukuru.

"Mimi sitaki kona," alisema. "Nitarudi na nyumba yangu, niiweke pale pale kwa mama. Wakisema nihame, ina magurudumu. Wataniambia niipeleke wapi nami nitaipeleka, halafu nitairudisha."

Fanueli alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hakucheka. Kesho yake akaja na msumeno.

Kazi ile ilimkaa moyoni kuliko madawati. Aling'oa sakafu yote, akaweka mbao za mgrivea alizoshusha kutoka shambani kwake, kwa kuwa ni nyepesi na lori lisingelemewa. Akatengeneza kitanda kinachokunjwa ukutani mchana, chini yake sanduku la nguo. Akatoboa paa juu ya mahali pa jiko, akaweka kifuniko cha bati cha kuinua kwa kijiti ili moshi utoke. Kila kitu alikifungia kwa kitasa au ukanda wa mpira, maana Honorata alimwambia barabara ya kuteremka kwenda ziwani haina huruma na vyombo. Springi na tairi walizipata kwenye karakana ya shamba la mkonge, kutoka kwenye matela yaliyokuwa yamekaa bure.

Akiwa anapiga randa, Honorata alikuwa akikaa kizingitini akichambua maharage na kusimulia. Alisimulia usipa, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa juu ya mawe mpaka ufuko mzima unameremeta. Alisimulia wanawake wanavyosugua sufuria kwa mchanga, maji yakiwa magotini. Fanueli, aliyekulia kwenye ukungu na vijito vya mlimani, hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Lakini alimsikiliza mpaka akawa anajua ni jiwe gani mama yake Honorata alilikalia jioni.

Hapo ndipo alipoanza kuharibu. Siyo kuharibu kwa ubaya. Mlango wa kabati ulipokaa sawa, alisema unasugua, akaufungua tena. Rafu aliyoipigilia Jumatatu aliibandua Alhamisi, eti imepinda. Madawati yalikwisha, shule ikayachukua, na yeye hakupanda Chome. Raheli alipotuma salamu kuuliza kuna nini, akajibu kwamba bado kuna kazi ndogo.

"Kabati hili lina nini, fundi?" Honorata aliuliza siku moja. "Limekuwa mtoto wa kudeka."

"Mbao hazijakauka vizuri. Zinacheza."

Honorata alimtazama kidogo, akarudi kwenye maharage yake.

Ikabaki taa. Mafuta ya taa mwaka ule hayakuonekana. Duka la kijiji likiyapata, watu walipanga foleni na madebe toka alfajiri na wengi walirudi nayo matupu. Lakini juu ya paa wapima ardhi walikuwa wameacha bamba la sola lililoendesha redio yao ya mawasiliano. Kioo kilikuwa na ufa kona moja, na wengi waliliona kama kipande cha dirisha tu. Aliyelitambua ni Rubeni, fundi wa simu za reli, kijana mpole aliyekuwa akija kula na koleo mfukoni.

"Shikamoo, Mama Nyasa. Lile bamba bado linafanya kazi?"

"Marahaba. Kama hujui wewe, mimi nitajuaje?"

Rubeni alipanda, akalifuta vumbi kwa kanga kuukuu, akagusisha nyaya za kipimo chake, akatabasamu. Fanueli akalichongea fremu yenye bawaba, ili safarini lilale bapa juu ya paa na likifika liinuliwe kidogo kuelekea jua, vumbi na mvua viteleze. Betri ilikuwa ya lori, ya zamani. Waliijaza maji ya mvua waliyokinga kwenye sufuria safi. Rubeni aliunganisha waya, akaweka na kidude kidogo cha kuzuia umeme usirudi kwenye bamba usiku, kisha globu ya taa ya gari juu ya kitanda.

Waliijaribu saa saba mchana, jua la Makanya likiwa kichwani. Ilibidi Fanueli afunge madirisha kwa magunia ndipo waone kama inawaka. Honorata akaingia, Rubeni akagusa swichi, na ndani mle mkawa na nuru ya manjano, imetulia, haina moshi wala harufu. Honorata aliketi kitandani. Akatazama kabati, mikanda ya mpira, kifuniko cha moshi, akavitazama kimoja kimoja kana kwamba vimeletwa saa ile.

"Sasa ni nyumba," akasema.

Nje watu walikuwa wameanza kujipanga waingie kuona taa ya mchana. Fanueli akatoka awapishe. Alisimama kwenye jua akipangusa mikono isiyokuwa na uchafu, akajua kwamba kazi imekwisha.

Dereva aliitwa Hezroni, mtu wa Same, mteja wa siku nyingi. Alikuwa akipeleka magunia matupu kutoka Moshi hadi Songea kwa ajili ya mahindi. Mzigo mwepesi, akasema, tela dogo lile hatalisikia. Kutoka Songea angemkabidhi kwa mwenzake wa lori la kahawa lipitalo Mbinga kushuka hadi ziwani. Ila kwanza walijaribu safari fupi, kwenda Same na kurudi. Honorata alikaa mbele na dereva. Fanueli aliomba akae ndani ya tela, asikilize viungo.

Akalala chali sakafuni. Milima ilipita dirishani, mmoja baada ya mwingine, yake yote, anaijua kwa majina. Viungo vya mbao vilinyamaza vizuri. Lakini walipovuka korongo alisikia kitu kingine, mlio mfupi wa chuma, mbele. Walipokanyaga tuta akausikia tena. Waliporudi Makanya akalala chini ya tela, akapitisha ukucha kwenye mkono wa kuvutia, mahali unaposhikana na fremu. Chini ya rangi kulikuwa na ufa.

Hezroni alikuwa aondoke kesho yake mchana.

"Halijawa tayari," Fanueli alimwambia Honorata. "Mkono una ufa. Utakatikia njiani."

Honorata alikuwa anafunga sufuria kwenye gunia. Hakugeuka.

"Jana kabati, juzi rafu. Leo mkono."

"Njoo uone."

"Mimi nitaona nini? Ni rangi tu kwangu. Fundi, Hezroni akienda bila mimi, haji tena mpaka msimu mwingine."

Fanueli alisimama pale. Angeweza kunyamaza, lori lingeondoka, na labda tela lingeharibikia karibu, Hedaru au Mombo, mama akarudi. Labda lisingeharibikia karibu. Akaifikiria ile barabara ya kuteremka ziwani.

"Kabati halikuwa na kitu," akasema. "Wala rafu. Nilikuwa nakuchelewesha. Hili ni la kweli, Honorata."

Ndipo alipogeuka. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Nilijua," akasema polepole.

"Mbona hukusema?"

"Na mimi sikuwa na haraka sana siku zile."

Treni ya mizigo ikapita. Ilipokwisha kupita Honorata aliuliza, "Inaweza kutengenezwa kabla ya kesho mchana?"

"Nitajaribu."

Hezroni akalivuta tela polepole hadi karakana ya shamba la mkonge, na Fanueli akalala barazani ili awe wa kwanza fundi wa kuchomelea atakapofika. Alimsihi, akamkumbusha makande aliyokula kwa Mama Nyasa, akabeba mwenyewe kipande cha chuma cha kuongezea nguvu. Wakachomelea ufa, wakaweka na bamba juu yake pande zote mbili. Fanueli akaugonga kwa nyundo mara kadhaa, akasikiliza. Ulilia mlio mmoja, mzima.

Wakati wa kuondoka Honorata alimpa mkono, kama watu wapeanavyo mkono mbele za watu.

"Ziwani kuna kazi za mbao, Fanueli. Mitumbwi, nyumba. Watu wanajenga."

"Nina kahawa," akasema. "Na Raheli."

"Najua. Nasema tu kwamba kazi ipo."

Lori likaondoka taratibu. Tela likalifuata likiyumba kidogo, bamba la sola limelazwa juu ya paa na kufungwa kwa kamba. Fanueli alitembea nyuma yake hadi njia panda, akiangalia ule mkono na si kingine, mpaka vumbi likauficha.

Alirudi Chome. Alipogolea kahawa, akatengeneza mlango wa kanisa, akawa mtu wa kujibu maswali kwa neno moja. Masika ilipokaribia akashuka Makanya, akisema anatafuta misumari, na akamkuta Hezroni.

"Alifika salama," Hezroni alimwambia. "Yule mwenzangu alimfikisha mpaka mchangani. Kaka zake walikuja kumtaka apande juu, akakataa. Sasa jioni watoto wa kule wanakaa mlangoni kwake kusikiliza redio ndogo aliyoiunga kwenye betri ile."

"Taa inawaka?"

"Inawaka. Ametuma kwa yule mwenzangu kuniuliza kama mvua imenyesha Chome."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui, mimi si mtu wa mlimani."

Fanueli alipanda kwa miguu bila misumari. Alipofika, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na Raheli alikuwa jikoni akikoroga uji. Alikaa karibu na moto akavua viatu.

"Baba, umechoka?"

"Hapana." Akaisogeza miguu karibu na moto. "Tukishavuna kahawa, nataka kusafiri."

"Wapi?"

"Mbali kidogo. Kuna ziwa."

Raheli aliacha kukoroga, akamtazama baba yake usoni. Kisha akamchotea uji, akaupuliza upoe, akampa.