Mnyama wa Akux Daftarini

Siku ya tatu ya homa, Loxa aliziacha tortilla, mikate yake ya mahindi, ziungulie kwenye bamba. Binti yake Akux, mwenye miaka saba, alikuwa mkekani anaweweseka, anakwaruza udongo kwa kucha kama kitu kilichonaswa.

Loxa akaganda. Alikumbuka.

Pale kijijini kila mtu huzaliwa pamoja na mnyama wake, anayeishi mlimani. Mnyama akidhurika, na mtu hudhurika. Kwa hiyo hatajwi hata kwa jirani. Naye Loxa alikuwa amemtaja wa Akux. Juzijuzi, wakipukuchua mahindi mlangoni, alimwambia Mikel, mtoto wa dada yake anayesoma chuo mjini, kwa kuwa ni damu yake na aliuliza kwa upole.

Akatoka mbio bila viatu mpaka kwa dada yake, alikokuja Mikel mwisho wa juma.

"Mikel! Yale ya Akux uliyaandika?"

"Pumua kwanza, mama mdogo. Umefukuzwa na mbwa?" Mikel akacheka, akafungua daftari. "Ni utafiti tu. Wageni wametuandika miaka yote kama wadudu. Mimi nataka wajue tuna fikra zetu. Sikiliza: 'Akux, mnyama wake ni—'"

Loxa akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Nyamaza we! Na wa kwako umemwandika?"

Mikel akapekuapekua kurasa za daftari.

"Nakuuliza. Yuko ukurasa gani?"

"Hayupo, mama mdogo."

"Kumbe unajua! Wa kwako umemficha, wa mwanangu umemwanika."

Mikel alichana ukurasa, akampa.

"Kuna ukurasa mwingine?"

"Ijumaa nilimpelekea mwalimu nakala. Itasomwa darasani kesho."

Homa ilianza Ijumaa hiyohiyo.

Mikel hakungoja kuambiwa. Alinyakua kofia akateremka mbio kuwahi gari la mjini, bila kujua kama siku hiyo ya Jumapili lingepita. Loxa alirudi nyumbani, akachukua kibuyu cha maji ya chumvi na fimbo, vitu vya kuitia roho iliyopotea, akapiga chini pale mlangoni alipolitoa neno lile.

"Njoo, Akux. Usiogope, mama. Njoo nyumbani."

Aliita mpaka koo likakauka. Kila alipotulia asikie kama roho inajibu, aliliona lile darasa la mjini: vijana asiowajua wameinamia karatasi, midomo inacheza, wanamtaja mnyama wa Akux mmoja baada ya mwingine.

Akapiga chini tena, kwa nguvu zaidi.