Folda ya Maonyo

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi mjini Suva. Saa tatu kamili redio ingesoma onyo la kimbunga kutoka kwenye faili lililokuwa katika kompyuta ya Litia, fundi wa ofisi ya hali ya hewa, kisha wavuvi wa visiwa vya Lau wangejua kama watatoka au watabaki. Lakini kila mara programu ya kompyuta ya redio ilipojaribu kulifungua faili hilo, ilijibiwa: ruhusa imekataliwa.

“Mbona mimi nalisoma vizuri?” alisema Litia.

“Wewe ni msimamizi wa kompyuta hii, binti yangu. Wewe huzuiwi popote,” alisema Mzee Ropate, mwenzake wa kazi. “Jaribu kuingia kwa jina la mtumiaji la redio.”

Akajaribu, akakataliwa. Na faili lenyewe alikwisha kuliwekea ruhusa ya kusomwa na watu wote, mara tatu! Zilibaki dakika nane.

Akaachana na faili, akaanza kukagua folda moja moja kuanzia ya juu kabisa. Ya tatu, folda ya maonyo, haikuwa na ruhusa ya kupita.

Mzee Ropate akashika kichwa. “Ni mimi. Jana niliondoa ruhusa ya kuendesha programu kwenye kila kitu humo, kwa usalama. Nikasahau kwamba folda bila ruhusa hiyo haipitiki.”

“Mzee wangu, bado kidogo ungefunga na choo!” alisema Litia, huku vidole vyake vikiirudishia folda ile ruhusa yake.

Saa tatu ikagonga. Redio ya dirishani ikakoroma kidogo, kisha ikasoma: wavuvi wa Lau wasitoke leo.

Litia akammiminia mzee chai.