Dereva Asikiaye Simba

Usigeukie ukutani usiku wa leo. Nakuambia wewe, unayekoroma kwa makusudi mtoto akianza kulia, ukisubiri mama yake ainuke. Nakujua. Niliolewa na mmoja wenu. Watoto saba nimelea hapa Endabash, na sijasahau mkoromo hata mmoja.

Kwa hiyo juzi usiku, mwanangu Naftali alipoanza tabia hiyohiyo, nilishuka kitandani nikamfuata.

Naftali anaendesha watalii Ngorongoro. Kilabuni anajisifu kwamba anasikia simba akikohoa ng'ambo ya kreta. Lakini Eva, binti yake anayelala palepale chumbani, hamsikii! Mkewe Germana anapika kwenye loji. Mchana ule alikuwa amesinzia amesimama, mikate ya wageni ikaungua. Msimamizi akamwambia: ukisinzia tena, usirudi. Na gari la wafanyakazi humpitia alfajiri.

Eva akalia. Germana akaanza kujiinua, macho yamefumba.

"Lala, mkwe wangu," nikasema, nikavuta blanketi la Naftali. "Simba amekohoa, dereva! Amka!"

"Aayo, mama yangu, mimi sina maziwa!"

"Amenyonya sasa hivi. Anataka usingizi, na huo unao wa kugawa."

Germana akacheka ndani ya shuka. Naftali akaamka kwa hasira, akawasha taa, akamrusha Eva juu, akamwimbia kwa sauti ya besi ya kwaya, akamtingishia funguo za gari. Eva akatoa macho kama saa sita mchana.

"Mgeni wako akifanya vituko hivyo mbele ya chui, unamwambiaje?"

Akashusha funguo. "Namwambia azime flashi. Asipige kelele. Asishuke garini."

"Na wewe?"

"Nazima injini. Tunasubiri."

"Basi zima injini, baba!"

Akazima taa. Akamlaza Eva chali kwenye kitanda chake kidogo, upande wa Germana, akamwekea kiganja kifuani, akatulia. Eva akaguna. Naftali akataka kumnyanyua, nikamchapa mkono.

"Usishuke garini!"

Kitanda kikubwa kikaanza kutetemeka kwa kicheko cha Germana. Mimi nilikuwa nimeng'ata khanga nisipasuke. Eva akaguna tena, akapiga mwayo, akashusha pumzi. Kimya.

Naftali akaweka ngumi mdomoni kama redio ya gari, akanong'ona: "Madereva wote, madereva wote. Nimempata. Amelala. Msije huku, nasema msije!"

Tulikwisha! Nilitoka chumbani kwa magoti, machozi yananitiririka. Germana alipitiwa na usingizi hata kicheko hakijamwisha. Alfajiri alipanda gari la kazini akipiga mluzi, na jioni akatuletea mkate mzima, wa rangi ya dhahabu, ambao haukuungua hata ukingo.

Kitanda cha Eva sasa kiko upande wa Naftali.

Na wewe? Acha kusoma. Inuka sasa hivi, kabla giza halijaingia, ukahamishie kitanda cha mtoto upande wako.