Upande wa Pili wa Kaseti

Kivuko kilikuwa kimeshaacha gati la Kamanga na maji yanazidi kupanuka kati yetu na nchi kavu, nami nimeketi juu ya gunia la mihogo la mtu nisiyemjua, nimeipakata redio kama mama anayempeleka mtoto kliniki. Ilikuwa imefungwa kwa kitenge. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yangu, imekwama kooni mwa ile mashine, na kila injini ilipokohoa nilikaza mikono.

"Mzaire," akaniita mchuuzi mmoja wa sangara, "hiyo redio inaumwa au imekufa?"

"Inaumwa."

"Basi mbona umeshaivika sanda?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mgeni hujifunza mapema kucheka pamoja na wanaomcheka. Mwanza ilikuwa mbele yetu na mawe yake yaliyopandana, mabati ya mlimani yanamulika. Niliitazama ile redio nikasema moyoni, vumilia mama, tunakwenda kwa wenyewe.

Mimi ni mtu wa kupita. Nilizaliwa Baraka, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, shule nikaisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa pale, na kabla sijaota ndevu nilikuwa nimelala katika bandari nyingi kuliko vitanda. Nilipofiwa na mke wangu nilimwacha binti yetu Feza kwa mama, nikavuka kutafuta kazi. Kazi ilinitembeza hadi Sengerema, nikawa nafyatua matofali katika kiwanja cha Masalu, Msukuma mwenye ng'ombe na maneno mengi. Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Udongo wa kule ni mzuri, unashika.

Kisha vita vikaingia kwetu. Hiyo ndiyo miaka ambayo nchi ya huku ilikuwa imefungua milango: maduka ya Mwanza yamejaa mitumba, saa, pasi na redio za kila rangi, vitu ambavyo zamani mtu alikuwa hapati hata kwa kumjua mkubwa. Kwetu, milango ilikuwa ikivunjwa. Habari zilikuja kwa mdomo, kila mdomo na habari yake. Halafu siku moja Shaibu, mfanyabiashara wa mawese kutoka Ujiji, akashuka na garimoshi akanitafuta mpaka kiwanjani, akanipa kaseti iliyofungwa kwenye nailoni.

"Nimepewa na mtu wa boti pale Kigoma," akasema. "Naye alipewa ziwani. Aliyempa amesema ni ya mama yako."

"Yuko wapi?"

"Ndugu yangu, ningejua ningeanza na hilo."

Kuna mtu angesema, si ungekwenda baa ukaomba wakupigie? Baa ilikuwepo, na redio kaseti yao kubwa ilikuwa inasikika mpaka hospitali. Lakini mama yangu hakuwahi kuingia kwenye pombe akiwa hai na miguu yake, nisingemwingiza kwa sauti. Nilichoma tanuri nikauza lote. Nikavuka, nikanunua redio kaseti mpya kwa Nurudin, mwenye duka mtaa wa soko. Alinifungulia boksi mbele ya macho yangu, akanionyesha karatasi ndogo ya muhuri iliyobandikwa juu ya skrubu ya nyuma.

"Hii ikiharibika kabla ya miezi sita, unairudisha, unapata haki yako," akasema. "Ila mtu asiguse hapa. Muhuri ukichanika, garantii imekufa." Akaandika jina langu kwenye karatasi ya garantii, akagonga muhuri wa duka.

Tangu nivuke mpaka sikuwa na karatasi yoyote iliyokuwa na jina langu kamili. Ile niliikunja nikaiweka mfuko wa ndani.

Nilimsikiliza mama jioni, peke yangu, mlango nimeurudisha. Kwetu mtu mzima haanzi na neno. Anaanza na salamu, na salamu za mama yangu zilikuwa safari. Aliwasalimia walionipokea, ambao yeye hajui majina yao. Alinitajia waliozaliwa, akanitajia waliokufa kwa homa, kisha waliokufa kwa vita, kila mmoja na baba yake ili nisimchanganye. Nyuma yake jogoo anawika, mtu anatwanga. Upande wa kwanza ukaisha kwa salamu. Nikageuza.

"Mwana yangu," akasema, "sasa neno lenyewe ni hili. Sisi hapa tunaondoka. Feza hatutamubeba njiani. Tumemupeleka..."

Redio ikamla. Sauti ilinenepa, ikavutika kama ya mwanamume mlevi, ikazama. Nilibonyeza vitufe vyote. Mlango wa kaseti ukakataa kufunguka, na kwenye kile kidirisha nikaona utepe umejisokota kwenye magurudumu kama utumbo.

Masalu alikuja na taa. Mkewe, Teodora, akaja nyuma yake na bisibisi, ile ya baiskeli.

"Usiiguse," Masalu akasema. "Umekaa kwetu miaka yote hii hujajifunza? Ng'ombe wa mtu akifia kwako, humpasui peke yako. Unaita majirani waone, na ngozi unampelekea mwenyewe nzima. Ukitangulia kisu, atasema ulimchinja ukamla. Hapo huna kesi."

"Ng'ombe hasemi," Teodora akajibu. "Humo mna mama wa mtu, amekatizwa katikati ya neno. Nipeni nifungue."

"Wewe ulishafungua redio lini?"

"Nimekuweza wewe, redio itanishinda?"

Tulicheka, hata mimi. Kisha wote wawili wakanitazama, kwa sababu redio ilikuwa yangu. Nikaitazama ile karatasi ya muhuri, safi, haijaguswa. Nilikuwa mgeni nisiye na kibali wala ukoo pale. Mtu kama mimi akidhulumiwa hunyamaza, maana polisi wakiitwa wanaanza kumuuliza yeye. Lakini safari hii nilikuwa na haki iliyoandikwa. Nilitaka vyote, haki yangu na mama yangu. Na Masalu alikuwa anaongea jambo la maana, sheria niliyoiona ikifanya kazi kwa macho yangu, watu wakipatana juu ya ngozi mbichi bila hata ngumi moja.

"Tunaipeleka nzima," nikasema.

Teodora hakubishana. Alikwenda akaleta kitenge chake, akaifunga yeye mwenyewe.

Dukani Nurudin aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akauona muhuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ungejua watu wanavyoniletea zimepasuliwa kama samaki. Wewe mstaarabu. Rudi Alhamisi."

"Kuna kaseti ndani," nikamwambia. "Redio sina shida nayo sana. Kaseti."

"Fundi ataitoa, mzee. Hiyo kazi ndogo."

Nilimwamini, na hata sasa siwezi kusema alikuwa mtu mbaya.

Alhamisi niliporudi duka lilikuwa limejaa. Aliponiona akapaza sauti ili wateja wasikie. "Huyu alinunua kwangu, ikamharibikia. Maduka mengine hapa wangemfukuza, tena mgeni. Mimi nampa mpya." Akaweka mezani boksi jipya kabisa, limefungwa kwa gundi ya kiwandani. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele kidogo, vya utani.

"Ahsante," nikasema. "Na kaseti?"

"Kaseti gani?"

Nilimwona akikumbuka. Mkono wake ukasimama juu ya boksi. Kisha akageukia rafu ya nyuma, kaseti zimepangwa mpaka darini, rumba, taarab, kwaya, akasema kwa sauti ya chini, sauti nyingine kabisa, "Chagua yoyote hapo. Chagua hata tatu. Bure."

Fundi wake alikuwa Shimba, mwenye kibanda karibu na mto Mirongo. Nilikwenda nusu nakimbia na boksi kichwani. Shimba alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono yake kwenye suruali.

"Wenye bidhaa wa Dar hawataki mashine irudi," akasema. "Wanataka hili bati la nyuma tu, lenye namba, na muhuri wake uwe mzima. Nikishang'oa bati, mwili nauvunja, mtu asije akauuza tena."

Kwa hiyo ngozi ilikuwa imeshafika kwa mwenyewe. Masalu alikuwa sahihi kila neno.

Akainama chini ya meza, akachakura kwenye kikapu, akanitolea ganda la kaseti yangu. Gurudumu moja lilikuwa limejaa utepe, jingine tupu. "Kipande kilichokuwa kimesokoteka nilikikata. Nilidhani miziki tu."

"Kiko wapi?"

"Tepe mbovu huwa zinachukuliwa na watu wa mpunga. Wanafukuzia ndege." Akanitazama usoni. "Ningejua, mzee, ningekikunja vizuri."

Akaunga kilichobaki kwa gundi ya karatasi, tukakiweka kwenye redio yangu mpya, palepale kibandani, nyundo zinagonga jirani. Mama akatoka msafi kabisa, kana kwamba hakuna lolote lililompata.

"...huko ndiko utamukuta. Usihangaike kuuliza watu, wewe unapajua. Ulilala pale ukiwa kijana, ukarudi ukanisimulia, ukasema watu wa pale wana roho nzuri. Ndiyo sababu nimepachagua. Huko kuna maji, kuna shule. Feza anajua kuwa baba yake anapajua. Nimemuambia akuangalie njiani."

Kisha akaomba Mungu kwa muda mrefu. Kisha jogoo. Kisha ukimya wa upande mzima.

Shimba alizima. "Ni wapi hapo?" akauliza.

Nilipolala nikiwa kijana. Kalemie nimelala, Moba, Mpulungu, Rumonge, Uvira, Bukavu, Kasanga, Kipili, Kirando, Ujiji. Nilikuwa na tabia ya kurudi nyumbani na kumsifia mama kila mahali, ili asione nilivyohangaika. Kila mahali niliposimulia, watu wake walikuwa na roho nzuri.

Nilikwenda Misungwi, kwa hao watu wa mpunga. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, na juu ya majaruba yote walikuwa wamekaza tepe za kaseti kutoka mti hadi mti, za kahawia, zinang'aa. Upepo ukipita zinalia. Si wimbo, wala si kilio, ni mlio mwembamba mmoja usiopumua, na uko pande zote, huwezi kuuelekea. Nilisimama kwenye tuta nikaogopa, mtu mzima, mchana kweupe.

Mwenye majaruba ya mwanzo aliitwa Dorcas. Nilimweleza. Akasema kweli nduguye wa Mirongo humletea tepe kutoka kwa fundi, na zingine mpya alizitundika juzi.

"Hizo hapo. Lakini ukizitoa, ndege watanimalizia mpunga."

"Nitafukuza mimi."

Alinipima kwa macho, akaona sitanii. Basi nikawa sanamu ya kutishia ndege. Nilizitoa tepe zake moja moja, nikazikunja kwenye vijiti, na mahali zilipokuwa nikasimama mimi, nikapiga debe na kupaza sauti tangu alfajiri mpaka ndege walale, hadi alipovuna. Aliniletea uji. Hakuwahi kunicheka, ingawa waliopita barabarani walicheka vya kutosha.

Shimba alizitia zote kwenye maganda, moja baada ya nyingine, na hakutaka chochote kwangu. Tulisikia rumba. Tulisikia mhubiri, tukasikia mtu akijifunza Kiingereza. Jua lilikuwa limekula nyingi, zikabaki mvumo. Katika kipande kimoja, kifupi kama mkono, kulikuwa na mtu anavuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kutamka. Kikaishia hapo. Tulikirudia mpaka betri zikaanza kuchoka. Shimba alisema ni mwanamke. Mimi siwezi kuapa.

Sikukaa tena Sengerema. Nilipokwenda kuaga, Masalu aliniuliza kama nilipewa haki yangu. Nikamwambia nilipewa, mpya, kwenye boksi. Akafurahi kweli. Teodora alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

Masalu alikufa miaka michache baadaye, na ng'ombe wakagawanywa na wanawe. Teodora amehamia kwa binti yake Geita. Nurudin alihamishia biashara Kahama, akafanikiwa, na nimesikia bado anabadilisha kitu kikiharibika bila maneno. Shimba aliacha redio akaingia kwenye simu. Dorcas analima palepale, ingawa siku hizi anatumia nyavu. Mama yangu alizikwa kambini, upande wa Kigoma. Kaburi nilionyeshwa na jirani yake, ambaye hakujua habari za mtoto. Redio niliiuza Ujiji kwa nauli. Nimesharudi Rumonge, Uvira, Bukavu, Moba, Kalemie, Kipili, Kirando, Kasanga, na kote nimekaa muda wa kutosha kuonekana njiani. Feza sijamkuta. Bado Mpulungu.