Mchanga Alioukataa Paka

Mke wa mkandarasi aliingia chumba chake cha kushonea na kikombe cha chai mkononi, akakuta paka amekojoa juu ya pazia la mteja. Hakukojoa pembeni wala kidogo. Alikojoa katikati kabisa ya kitambaa kilichokwisha kukatwa na kuwekewa pini, na mkojo ulikuwa umepenya mpaka kwenye mbao za meza. Harufu ilikuwa kali ya kutoa machozi. Mwanamke aliweka kikombe dirishani, akachomoa pini moja moja, akalikunja lile pazia na kwenda kuliloweka kwenye maji ya siki.

Paka huyo aliitwa Mstaarabu. Jina hilo alipewa na mama mkwe, mama yake mkandarasi, kwa sababu tangu utoto wake hakuwahi kukosea beseni la mchanga lililowekwa stoo, nyuma ya mlango. Alikuwa akichimba, akijisaidia, akifukia, akinusa, kisha akifukia tena, kwa bidii ambayo mama mkwe alisema angependa kuiona kwa baadhi ya binadamu. Mchanga wenyewe haukununuliwa. Ukikaribia kuisha, mkandarasi alileta gunia kutoka saiti. Nyumba ya mkandarasi haikosi mchanga, kama ya mwokaji isivyokosa unga.

Gunia la mwisho lililetwa wiki ileile ambayo fundi mwashi mmoja alitoweka kazini. Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, jina la kile kifimbo chenye kiputo cha maji kinachoonyesha kama ukuta umenyooka, maana yeye alinyoosha ukuta kwa jicho tu. Mkandarasi alisema mtu huyo ametoroka na mwanamke. Alilisema hilo mezani huku akimenya chungwa, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Gunia lilikaa stoo mpaka mchanga wa zamani ulipokwisha. Siku beseni lilipojazwa mchanga mpya ndiyo siku Mstaarabu alipoacha kulitumia.

Alianza na zulia la mlangoni. Akahamia kwenye kapu la nguo chafu, kisha kwenye kiti cha mama mkwe, kisha kwenye mapazia. Mke wa mkandarasi alijaribu ndimu, alijaribu pilipili, alihamisha beseni kutoka kona moja hadi nyingine. Mwishowe alimfunga paka kwenye kikapu na kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimminya tumbo, akamwangalia macho na meno.

"Beseni mnalisafisha?"

"Kila siku."

"Kuna kelele hapo lilipo?"

"Ni stoo, daktari. Kuna mafagio tu."

"Basi huyu haumwi," daktari alisema. "Huyu anakataa. Ongeza beseni la pili, achague mwenyewe."

Mke wa mkandarasi alinunua beseni la pili na kulijaza kutoka gunia lilelile. Mstaarabu alikuja, akaweka mguu mmoja kwenye ukingo, akanusa, akarudi kinyumenyume. Kisha akatembea polepole hadi mlangoni na kukojoa ndani ya buti la mkandarasi.

Siku iliyofuata, mwanamke alipokuwa akiusawazisha mchanga wa beseni la kwanza, aliona nywele. Alidhani ni za paka, lakini zilikuwa fupi na zimesokotana, na hazikung'oka. Baadaye paji la uso lilitokeza, kama kiazi kinavyotokeza mvua ikiosha tuta. Yakafuata macho yaliyofumbwa, pua, na mdomo. Kwenye beseni la pili ilikuja mikono miwili yenye saruji kavu chini ya kucha. Mwanamke alimwita mama mkwe, ambaye alikuja akijifuta unga.

"Shikamoo mama," uso ulisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Siwezi, mama. Mdomo umejaa mchanga."

"Pole." Mama mkwe aliinama akamtazama vizuri, kisha akamgeukia mkwewe. "Unaona sasa? Hawezi kumkojolea mtu usoni. Mimi nilisema zamani, paka huyu ana adabu."

Mke wa mkandarasi alimjua yule mtu. Alikuwa amefika hapo nyumbani mara kadhaa kumsubiri bosi wake, na alikuwa akimwita shemeji. Sasa pia alimwita hivyo. Alieleza mambo yake bila haraka, akitema mchanga kila baada ya maneno machache. Walikuwa wakichimba msingi wa ukumbi wa hoteli. Mvua ilikuwa imelowesha kingo za mtaro, naye alikuwa ameomba mbao za kuzizuia. Bosi alisema mbao zitawachelewesha na gari la zege liko njiani. Ukingo ukaporomoka yeye akiwa chini. Gari la zege likafika.

"Zege halilali, shemeji," alisema. "Likishachanganywa lazima limwagwe. Unajua hiyo kazi."

"Alijua kwamba uko ndani?"

"Tulikuwa tunaongea."

Mikono katika beseni la pili ilikunja vidole na kuvikunjua.

"Nisaidie mambo mawili," Pimamaji alisema. "Mke wangu ameambiwa nimemkimbia. Mwambie sikumkimbia. La pili, uliza kama wameshapanga vigae. Kama hawajapanga, sakafu bado inavunjika, na mimi nitatolewa nikazikwe."

Mke wa Pimamaji hakuwa mbali. Alikuwa akija getini karibu kila siku, na siku hiyo pia alikuja. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akisimama hatua moja nyuma ya geti ili asionekane ana fujo. Mke wa mkandarasi alimfungulia kidirisha cha geti. Alikuwa ameandaa maneno njiani kutoka stoo, na yote yalikuwa mdomoni.

"Hamjapata habari zake, dada?"

"Hatujapata," mke wa mkandarasi alisema. "Tukipata tutakwambia."

Akafunga kidirisha. Aliporudi ndani alikuta macho ya Pimamaji yamefumbuka yanamtazama. Stoo ile ilipakana na ukuta wa geti, na kila lililosemwa pale lilisikika.

Jioni alimwambia mumewe. Mkandarasi alimaliza kwanza kula, akanawa, akaenda stoo, akachuchumaa mbele ya mabeseni.

"Pimamaji."

"Bosi."

"Kumbe uko huku."

"Nipo. Ukumbi umefikia wapi?"

"Tumepaua. Plasta imekauka."

"Kona ile ya nyuma iangalie, ilianza kuvuta maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Nimeshaiziba."

"Na vigae?"

"Bado," mkandarasi alisema, kisha ilionekana anajuta kusema.

"Basi nitoe, bosi. Siku moja tu ya kazi. Mimi mwenyewe ningeifanya kama ningekuwa na miguu."

Mkandarasi aliinuka, akayafunika mabeseni yote mawili kwa gunia tupu. Jikoni alimwambia mkewe kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vifaa. Sakafu ikivunjwa, mwenye hoteli atauliza kwa nini. Akijua kwa nini, kazi inasimama. Kazi ikisimama, yeye ataingia ndani, watoto watarudishwa kutoka shule ya bweni, na nyumba hii itachukuliwa na benki. "Chagua, mama watoto," alisema. "Yeye ameshakufa. Sisi bado."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua uso. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. Alimpenda mwanawe, na alikuwa akimwogopea.

Asubuhi mkandarasi aliamka akakuta mto wake umelowa. Mstaarabu alikuwa amekaa dirishani akijiramba mguu. Mkandarasi aligeuza mto upande wa pili, na usiku uliofuata upande huo nao ukalowa. Akaanza kulala bila mto, shingo ikamkakamaa, na kwa siku zile zote alimtazama kila mtu kwa kugeuza mwili mzima.

Mke wa Pimamaji alirudi getini, na mke wa mkandarasi akamwambia vilevile. Akarudi tena, akaambiwa vilevile. Kila mara mke wa mkandarasi alitoka ndani akiwa amekata shauri, na kila mara akiona ule uso unaosubiri, aliwaona wanawe wamekaa juu ya masanduku yao ya shule nje ya nyumba iliyofungwa, na maneno yakageuka. Baada ya hapo hakuingia stoo. Alipohitaji ufagio aliazima kwa jirani. Mapazia yalikuwa yanamngoja, lakini nyuzi zilikatika mkononi, na cherehani iliruka mishono kwenye kitambaa kisicho na kosa. Alijichukia, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja mke wa Pimamaji hakuuliza habari. Alishika nondo za kidirisha kwa mara ya kwanza.

"Dada, mimi siji kudai kitu," alisema. "Nyumbani wananicheka. Ndugu zake wanasema nilimchosha mpaka akanikimbia. Kama kweli amenikimbia, niambie tu, nimchukie nimalize. Hivi nilivyo siwezi kumchukia, na siwezi kumlilia."

Mke wa mkandarasi alifungua geti. Hakukata shauri safari hii. Mkono ulifungua wenyewe, na baadaye hakuweza kueleza zaidi ya hapo. Alimpitisha mgeni uani, akasukuma mlango wa stoo, akaondoa gunia.

"Kumbe uko huku," mke wa Pimamaji alisema.

"Nipo."

"Walisema una mwanamke."

"Mwanamke gani, na hali hii?"

Mke wa Pimamaji alicheka. Kwanza alifurahi, furaha ya kweli iliyomjaa mpaka mabegani, kwa sababu hakuwa amekimbiwa. Alipiga magoti akamfuta mchanga kwenye kope kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Kisha akagusa shingo, akashuka na kidole, akafika kwenye plastiki ya beseni. Hapo akaelewa, akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti ambayo mama mkwe aliisikia kutoka jikoni, akazima jiko.

Alipomaliza kulia alikwenda polisi. Hakumuaga mtu.

Afisa alikuja alasiri hiyohiyo, mtu mzima mwenye tumbo na sauti ya upole. Mkandarasi aliitwa kutoka kazini, akaja na vumbi jeupe kwenye suruali. Mama mkwe alileta chai. Afisa aliweka kofia yake juu ya kiti, akachuchumaa kwa shida.

"Wewe ni nani?"

Pimamaji alimweleza yeye ni nani na yaliyompata. Afisa alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akitikisa kichwa mahali panapostahili. Kisha akashikilia rafu, akasimama.

"Sasa hapa kuna ugumu," alisema. "Kesi ya kifo inataka maiti. Huyu anaongea."

"Nimekufa, afande," Pimamaji alisema.

"Hiyo ni kauli yako. Marehemu hajitolei ushahidi." Akamgeukia mke wa Pimamaji, naye alimwonea huruma, ilionekana. "Na ile ya kupotea nayo imeisha, mama. Ametafutwa, amepatikana. Anakaa kwa mwajiri wake. Mwajiri ndiye angeweza kulalamika, maana mtu hajafika kazini muda mrefu."

"Mimi sina malalamiko," mkandarasi alisema.

"Umeona?" afisa alisema. "Ni watu wanaoelewana."

Alikunywa chai yote. Alipokwenda kuchukua kofia aliikuta imelowa na inanuka. Aliikung'uta, akaivaa hivyohivyo, akawatakia jioni njema.

Mke wa Pimamaji alisema atamchukua mumewe, na hakuna aliyepinga. Mke wa mkandarasi aliinua beseni la mikono akalimimina juu ya lile la uso, taratibu, na mikono ikajipatia nafasi chini ya kidevu. Alifanya hivyo akimwomba msamaha kwa sauti ya chini, na Pimamaji alimwambia asijali, ingawa hakumwita shemeji. Mama mkwe alifunga karanga kwenye karatasi akamwekea mgeni mfukoni. Mkandarasi mwenyewe alimtwisha beseni, maana lilikuwa zito, na ndiye aliyekuwa na nguvu. Alionekana kama mtu aliyepona homa.

"Sasa umempata mumeo," alisema. "Yaishe."

Mke wa Pimamaji alitembea hadi getini, shingo imenyooka, mchanga kidogo ukimdondokea bega. Hapo akasimama. Hakuweza kugeuza kichwa kwa sababu ya mzigo, kwa hiyo aligeuka mzima, na mkandarasi, kwa sababu ya shingo yake, akageuka mzima pia. Walitazamana.

"Na miguu yake?"

Mkandarasi alitazama vumbi jeupe kwenye suruali yake.

"Vigae tumemaliza leo, shemeji," alisema.

Mke wa Pimamaji alisimama kidogo, kama mtu anayepima kama mzigo umekaa sawa. Kutoka juu ya kichwa chake sauti ilimwambia waende, giza lisije likawakuta njiani. Akaenda. Mke wa mkandarasi alimtazama mpaka alipokaribia kona. Alifikiria siku zote zile za kidirisha, wakati sakafu ilipokuwa bado inavunjika, na aibu ikamchoma masikio. Halafu Mstaarabu alipita katikati ya miguu yake akiwafuata wale watu barabarani, naye akamkimbilia, akamkamata, akarudi naye ndani na kufunga geti.