Ushuhuda wa Dada

Dada yangu ndiye aliyekuwa akinipa dawa. Mwenyewe nilimkabidhi kichupa, maana nikizidiwa husahau, na hakuna mtu niliyemwamini kama yeye. Kila jioni aliniwekea kidonge kiganjani, na siri ya kichwa changu haikutoka nje ya chumba kile. Kanisani kwetu, ukitaja tu daktari wa akili, watu wanasogeza viti mbali nawe.

Basi usingizi ukanikimbia. Nilikuwa nashona majoho ya kwaya, nikawa sishikiki: nakata, naunga, nakunja pindo, kunakucha bado niko kwenye cherehani. Cherehani yenyewe ingekuwa na mdomo ingeomba likizo. Wanakwaya wakanisifia, eti nimeshukiwa na upako. Upako gani? Mimi naujua ugonjwa wangu unavyobisha hodi. Nikamwambia dada naogopa, dawa hazinishiki tena, anisindikize hospitali. Akanipapasa mgongo, akaniambia nipunguze wasiwasi, niongeze maombi. Na mimi, mjinga wa watu, nikajilaumu kwamba imani yangu ni haba.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, dada akasimama mbele. Akautaja ugonjwa wangu kwa jina, akasimulia nilivyowahi kulazwa nikiongea peke yangu. Kisha akasema vidonge vyangu alishavitupa chooni zamani, kichupa akakijaza vitamini zinazofanana navyo. "Tazameni," akasema, "mdogo wangu amepona, majoho haya yote kayashona yeye."

Makofi yakalipuka. Sahani moja tumekula, kitanda kimoja tumelala, leo ananianika mchana kweupe na kuniita muujiza!

Mchungaji akanipa kipaza sauti nishukuru. Dada akanishika kiuno, akaninong'oneza, "Sema amina tu, mdogo wangu. Usiniaibishe."

Aibu yake, loo. Yangu alikuwa keshaimwaga.

"Naumwa," nikasema, na sauti ikatoka kwenye spika zote. "Silali. Dada, nirudishie dawa zangu."

Nikamtazama dada, nikimsubiri, maana alinijua kuliko wote waliokuwemo mle. Yeye akamgeukia mchungaji.

"Si yeye anayeongea," akasema.

Wanakwaya wakaja mbio kunikemea pepo, wakanikandamiza kichwa, na pindo za majoho nilizozishona mwenyewe zikanifunika uso.